Mbuzi Juu ya Mizani

Mimi ndiye niliyemwaga maziwa yake. Tena si mara moja. Mara mbili, mchana kweupe, mbele ya foleni nzima. Kwa hiyo kama kuna mtu mwenye haki ya kumsimulia wifi yangu, ni mimi, na anayetaka kunikatiza asubiri nimalize.

Wifi yangu ni mke wa mdogo wangu. Mtaani wanamwita Mama Futi, kwa sababu ile futi ya kitambaa ya mafundi cherehani haimtoki shingoni. Alishona sare za shule miaka kumi na tisa kwenye karakana ya nguo, mashine ya nne kutoka dirishani, na karakana ilipofungwa alitoka na mkasi wake, futi yake na mgongo unaouma. Wenzake walifungua vibanda vya kushonea. Yeye hakuonekana siku mbili, ya tatu akarudi anavuta mbuzi.

Mbuzi, jamani! Jike jeupe lenye masikio ya kahawia, tumbo limejaa, linatutazama kana kwamba sisi ndio tuliochelewa. Mdogo wangu alishika kiuno. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Wifi, huyu tunamla lini?"

"Haliwi. Ni wa maziwa."

"Maziwa ya mbuzi yananuka."

"Umeshawahi kuyanywa?"

"Sijawahi, lakini pua ninayo."

"Haya, basi pua imeshakunywa kwa niaba yako," akasema, akampeleka mbuzi wake uani.

Ndivyo alivyo. Hapandishi sauti. Mwenye kelele katika ukoo wetu ni mimi, na miaka yote hiyo nilidhani asiyepiga kelele hana la kusema.

Sasa lazima niieleze kazi yangu, maana bila hiyo hutaelewa nilivyojiaibisha. Nipo kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, mwisho wa barabara ya maduka ya mabati na rangi. Mimi ni mpimaji. Wafugaji wanakuja asubuhi na keni zao, wanapanga foleni, na kila keni inapita mezani kwangu kabla haijamiminwa kwenye tangi la kupoozea. Ninanusa, ninatazama, halafu ninatia maziwa kidogo kwenye kichupa cha kioo, ninaongeza spiriti kiasi kilekile, ninatikisa. Yakibaki laini, yanapita. Yakikatika, yakaacha chengachenga kwenye kioo, maana yake yameanza kuchacha, na hapo sina mjadala na mtu. Ninainamisha keni kwenye mfereji.

Ndiyo maana wananiita Dada Mwaga. Wanadhani linaniudhi. Thubutu! Ninalipenda jina langu. Nimewahi kumwaga maziwa ya jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, nikamwaga ya shemeji wa mkuu wa kituo, na jioni nikala nikashiba. Keni moja iliyochacha inaharibu tangi zima, na kwenye tangi lile wanakunywa watoto wa mji mzima. Pale mezani sina ndugu.

Turudi uani kwa wifi. Mwaka wa pili alikuwa na mbuzi sita wa kukamua na beberu mmoja, na yule jike jeupe wa kwanza akawa anaitwa Bi Mkubwa, kwa sababu wengine hawali mpaka yeye ameonja. Banda alilijenga mdogo wangu, ambaye ni seremala, na alilijenga huku analalamika. Sakafu imeinuliwa mpaka kiunoni mwa mtu, mbao zimeachana upana wa kidole, ili mavi yadondoke chini na kwato isizame. Upana huo aliupima wifi mwenyewe, ubao kwa ubao, na zile mbili zilizokaribiana mno alimfanya mumewe azing'oe. "Hata suti hunishonei hivi," mdogo wangu alimwambia. Akang'oa, lakini.

Watoto wa mbuzi anawapima kifua kila wiki kwa futi, nyuma ya miguu ya mbele, na kipimo anakiandika mlangoni kwa chaki ya fundi. Mtoto asiyeongezeka anaonekana mlangoni kabla hajaonekana machoni. Nilipoona mlango ule mara ya kwanza nilidhani kuna mtu anaagiza magauni.

Na beberu! Beberu anakaa upande wa pili wa ua, hatua arobaini, upepo unakokwenda. Wifi ana aproni mbili: ya bluu ya kwa beberu, nyeupe ya kukamulia, na hazitundikwi msumari mmoja. Akitoka kwa beberu ananawa mikono mpaka kwenye viwiko, anabadilisha na kitambaa cha kichwani, ndipo asogelee kiwele. Nilimwuliza kwa nini anajitesa.

"Wifi, maziwa yanashika harufu kama nguo inavyoshika moshi," akanijibu. "Watu wanamlaumu mbuzi jike kwa kosa la mumewe."

Nikasema ehe, yale yale ya binadamu. Tukacheka wote. Lakini kikombe aliponiletea, nikasema nimeshashiba.

Mama yetu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyanywa. Mama anaishi nao, ana miaka themanini na kitu, na maziwa ya ng'ombe aliyaacha zamani kwa sababu yalikuwa yanamjaza tumbo kama puto. Miaka na miaka mtoto wake anafanya kazi ya maziwa, yeye anakunywa chai ya rangi! Wifi akaanza kumpa ya mbuzi, yaliyochemshwa, nusu kikombe, halafu kikombe. Yalimkubali. Baada ya miezi michache mashavu yakarudi, akaanza hata kunigombeza kwa sauti ile ya zamani, na mimi nikasema ni hali ya hewa tu. Mama akanitazama. "Hali ya hewa haina povu juu," akasema.

Lakini nitasema na hili, kwa sababu kuna watu wanapenda kutia chumvi. Wifi yangu hajawahi kumwambia mtu kwamba maziwa ya mbuzi ni dawa. Watu walikuja na orodha zao: yanatibu pumu? Yanarudisha nywele? Anawajibu kwamba ni chakula kizuri, mafuta yake ni laini, wengine matumbo yao hutulia kwayo, wengine hawaoni tofauti yoyote. Siku moja alikuja mama mmoja kijana na kichanga cha wiki tatu mgongoni, anataka ayapate ampe. Wifi alimkalisha, akampa yeye mwenyewe kikombe cha moto anywe. "Huyo mgongoni ni wa ziwa lako," akamwambia. "Kama kuna shida, twende kliniki, nitakusindikiza." Akamsindikiza kweli, mpaka mlangoni, na aproni yake nyeupe.

Basi, tatizo lilikuwa moja. Maziwa yalikuwa mengi kuliko mama na majirani, na mjini hakuna aliyeyataka. Mbuzi wanakula kila siku, sokoni hawaingii. Mdogo wangu alivumilia, nisimsingizie. Si mtu mbaya. Lakini seremala akiona mbao zake nzuri zimegeuzwa banda, na mbuzi mmoja ametafuna mguu wa kabati la mteja, uvumilivu una mwisho. Mchinjaji wa mtaa wa pili akaanza kupitapita, mara anasalimia, mara anawashika mbuzi mgongo kama anayepima embe.

Ndipo mkuu wetu wa kituo akatangaza. Kuna mama mmoja ana kiwanda kidogo cha mtindi, anataka maziwa ya mbuzi. Kituo kitajaribu mfugaji mmoja, wiki moja, keni yake peke yake. Yakienda vizuri tunafungua mlango kwa wengine. Sheria ni ile ya wote: ukikataliwa mara tatu mfululizo, jina linafutwa.

Jioni ile nilikuwepo kwao. Mdogo wangu aliweka randa chini, akamwambia mkewe: "Tukubaliane kama watu wazima. Wakikuchukua, sifungui mdomo tena juu ya mbuzi mpaka nizikwe. Wakikufuta, Jumamosi mchinjaji anakuja, na anaondoka nao wote."

"Na Bi Mkubwa?"

"Wote, mke wangu."

Wifi alikunja futi yake vidoleni, akaikunjua. Halafu akampa mkono. Mimi nikamwambia asijali, akileta maziwa safi hana cha kuogopa. Nilisema hivyo kwa kinywa changu hiki.

Jumatatu akaja. Keni imesuguliwa inang'aa, kitambaa cheupe mdomoni mwake, yeye amevaa gauni la kutokea. Mdogo wangu alikuwa amemsaidia kusukuma mkokoteni. Nyuma yao kwenye foleni alikuwepo Profesa, mzee wa ng'ombe wanne ambaye hakuna jambo asilolijua, ndiyo maana ya jina lake. Nikanusa: hakuna harufu. Nilinusa tena, kwa sababu sikuamini. Nikatia kwenye kichupa, nikaongeza spiriti, nikatikisa.

Yakakatika. Chengachenga kioo kizima.

"Yamechacha," nikasema.

"Nimekamua saa hii, wifi," akasema polepole.

"Kichupa hakidanganyi."

Na nikainamisha keni. Halafu nikamsikia mtu nyuma anasema, "Mawifi tena," na mwingine, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nikapandisha kidevu. Moyoni nilijiona shujaa: hata wifi yangu simhurumii! Wifi alisuuza keni bombani, akafunika kitambaa chake, akaondoka.

Jumanne akaja na keni iliyochemshiwa maji mara mbili, maziwa yamekaa ndani ya beseni la maji baridi njia nzima. Yakakatika vilevile. Nikamwaga vilevile. Safari hii mdogo wangu alisogea, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, una uhakika?" Nikamwuliza kama mimi huwa ninamfundisha kupiga randa. Akarudi nyuma.

Jioni wifi akaja kwangu, peke yake. Alinikuta ninaosha vyombo. Hakukaa.

"Leo nilibakiza chupa moja nyumbani," akasema. "Maziwa yale yale, ukamuaji ule ule. Nimeyachemsha saa tisa mchana. Hayakukatika. Mama amekunywa kikombe kizima."

"Labda ya kwenye chupa yalikuwa mazuri."

"Wifi, maziwa yaliyochacha yakipata moto yanakatika. Wewe ndiye uliyenifundisha. Nigawie spiriti kidogo. Kifuniko kimoja tu. Nijaribu nyumbani."

"Ile ni mali ya kazini. Haitoki."

"Basi kesho nije mapema kabla ya foleni. Tupime ndani, mimi na wewe."

Ningekubali hapo, kisa kingeisha hapo, na mimi ningebaki na uso wangu. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa nimesifiwa miaka kumi na moja. Nikamwambia, "Kituoni hakuna cha wifi. Kuna foleni. Utapanga kama wengine."

"Sawa," akasema. "Kama spiriti haiwezi kuja kwa mbuzi, mbuzi ataenda kwa spiriti."

Nilidhani ni hasira tu. Sikujua kwamba wifi yangu hasemi maneno ya ziada.

Jumatano foleni ilikuwa ndefu. Nikasikia vicheko vinatoka mwisho, vinasogea mbele, mpaka nikainua kichwa. Mama Futi amesimama kwenye foleni, kamba mkononi, na mwisho wa kamba yupo Bi Mkubwa. Hakuna keni. Hakuna mkokoteni. Mdogo wangu yuko kando yao, amekaza uso kama mtu aliyeitwa shahidi mahakamani, penseli yake ya useremala nyuma ya sikio.

"Leo wameamua kuleta kiwanda chenyewe!" Profesa akapaza sauti. Watu hoi.

Wifi hakuruka mtu hata mmoja. Alingoja zamu yake, nafasi ya kumi na saba. Alipofika mezani, Bi Mkubwa akaiona mizani yetu ya kupimia keni, ile ya chini yenye bamba pana. Nadhani aliiona kama meza anayopanda nyumbani akikamuliwa. Akapanda mwenyewe, hop, akageuka, akasimama ametulia anangoja pumba zake. Mshale ukasimama kwenye kilo arobaini na nane.

"Arobaini na nane, na bado hajakamuliwa!" Profesa akasoma.

"Shusha mnyama wako, wifi," nikasema. Uso ulikuwa umeniiva.

"Nimekuja kupimwa kwa mara ya tatu," akasema, na safari hii alisema kila mtu asikie. "Umesema maziwa yangu yamechacha. Mimi nasema hayajapata muda wa kuchacha. Nipe kichupa chako."

Mkuu wa kituo alikuwa ameshatoka ofisini kwa kelele. Nilimtazama anisaidie. Akasema, "Mpe." Nikampa.

Nitakuambia alivyofanya, kwa sababu nimeona watu wengi wakikamua na sijaona kama yule. Alitoa aproni nyeupe kwenye mfuko, akavaa. Akaosha mikono kwenye bomba letu kwa sabuni yetu. Akaosha kiwele kwa maji ya vuguvugu aliyokuja nayo kwenye chupa ya chai, akakikausha kwa kitambaa. Michirizi ya kwanza akaikamulia pembeni, kwenye kikombe cheusi, akanionyesha: hakuna bonge, hakuna damu. Halafu akashika kichupa changu kwa mkono wa kushoto, akakilenga, na kwa mkono wa kulia akakamua mara mbili. Hakudondosha tone.

"Shika," akaniambia. "Bado ni ya moto. Tia spiriti yako."

Nilipima sawasawa. Nikatikisa. Nikainua kichupa kwenye mwanga.

Chengachenga. Kioo kizima.

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Maana kila mtu pale anafuga, na kila mtu alielewa alichokiona. Maziwa yale yalikuwa yametoka kwenye chuchu muda ambao hata mate hayakauki mdomoni. Ndipo Profesa akakohoa, akasema, "Jamani, ama mbuzi huyu kachacha akiwa hai, ama kuna kitu hapo mezani hakijui mbuzi."

Kicheko kilichofuata sitakisahau. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Miaka kumi na moja ninawaambia watu kichupa hakidanganyi!

Na hapo hapo, katikati ya kicheko, wifi yangu akageuka akawatazama. Akanyoosha mkono kama anayezuia gari.

"Msimcheke," akasema. "Huyu hajakosea mkono. Kipimo ni cha ng'ombe, na yeye alifundishwa ng'ombe. Angekuwa mpimaji mbaya angenipitisha Jumatatu kwa sababu mimi ni wifi yake. Hakunipitisha. Mngependa nani apime maziwa ya watoto wenu?"

Ningeweza kuvumilia wanicheke. Kutetewa na mtu niliyemwagia maziwa mara mbili, hilo lilinishinda, na machozi yalinitoka pale pale mezani, mimi Dada Mwaga.

Mkuu akaagiza jiko na sufuria mbili ndogo. Moja maziwa ya Bi Mkubwa, nyingine ya ng'ombe wa Profesa. Yakachemka, yakapanda, yakashuka. Tukayamimina taratibu, tukaangalia ndani ya sufuria. Laini, yote mawili. Mkuu akaniuliza kitabu cha vipimo kiko wapi. Kilikuwa kwenye droo yangu, chini ya risiti na vifuniko, na kilikuwa humo tangu siku nilipoajiriwa. Nilikisoma mpaka mwisho wa ng'ombe, nikaacha. Kurasa za mbuzi zilikuwa bado zimegandana. Mkuu akazitenganisha kwa kisu, akasoma kwa sauti: maziwa ya mbuzi hayastahimili spiriti kali inayotumika kwa ng'ombe, hukatika hata yakiwa mabichi kabisa, pimeni kwa spiriti iliyopunguzwa nguvu, au kwa kuchemsha.

Mistari miwili tu. Na mimi nilikuwa nimekaa juu yake miaka kumi na moja nikijisifu.

Mkuu hakunigombeza. Alinisogezea daftari la mapokezi, na nikajua anachotaka. Nikafungua Jumatatu na Jumanne, pale nilipoandika "yamechacha", nikapiga mstari, na pembeni nikaandika kwa herufi kubwa: "Maziwa yalikuwa mazuri. Mpimaji alikosea." Nikatia sahihi yangu mara mbili. Halafu nikasimama, nikamwambia wifi, mbele ya watu wale wale, "Nisamehe. Nilikumwagia jasho lako."

"Maziwa yakimwagika hayazoleki," akasema. "Yatakamuliwa mengine."

Nikamgeukia mdogo wangu. Bado amesimama pale pale. Alichukua penseli nyuma ya sikio, akaitazama, akairudisha. "Itabidi nimpitie mchinjaji," akasema, "nimwambie Jumamosi asije." Halafu akasogea karibu na mkewe, akaongeza kwa sauti ndogo ambayo mimi niliisikia kwa sababu nina tabia ya kusikiliza: "Sita ni wachache. Wale watoto nao wakianza kukamuliwa, banda halitatosha. Nitahitaji mbao."

Wifi aliivua futi shingoni, akampa.

Bi Mkubwa alikuwa bado juu ya mizani. Nikachukua kikombe changu cha chai, nikakisuuza, nikamwomba wifi anikamulie, kwa macho tu. Akanielewa. Akakamua mpaka nusu, tukayachemsha, yakapoa kidogo. Nikanywa. Na nisipindishe: yalikuwa matamu, mazito kidogo ulimini, na hayakunuka chochote isipokuwa maziwa. Nikamaliza. Profesa akauliza, "Pua inasemaje?" Nikamwambia pua imejiuzulu.

Ungedhani kisa kinaishia hapo. Kuna Alhamisi.

Alhamisi wifi akaja na keni yake, gauni la kutokea, kitambaa cheupe. Mimi nilikuwa na aibu bado, nikataka kumfidia. Alipofika mezani nikaishika keni moja kwa moja, nikaipeleka kwenye tangi dogo jipya lililoandikwa MBUZI, nimimine bila kupima. Nani angenilaumu? Mkono wake ukatua juu ya kifuniko.

"Hujanipima," akasema.

"Wifi, mimi na wewe tena?"

"Kituoni hakuna cha wifi," akasema, na hakuwa anatania. "Ukinipitisha hivi hivi, leo watasema ni mazuri, kesho watasema yaliingia kwa undugu. Sikumleta Bi Mkubwa mjini kwa ajili hiyo. Pima."

Foleni nzima inasubiri. Nikawasha jiko. Nikachemsha, nikamimina, nikatazama ndani ya sufuria kama ninavyotazama ya mtu yeyote. Kisha nikachukua kalamu, nikafungua daftari, na mbele ya jina lake nikaandika kwa mara ya kwanza: "Safi."

Akasoma. Akasogeza daftari karibu, akasoma tena, kama fundi anayekagua mshono. Halafu akatabasamu, akachukua keni yake tupu, akaenda.

Siku hizi wafugaji wa mbuzi wanaokuja kituoni ni kumi na wanne, na wengi walijifunza aproni mbili kwake. Wageni wakiniuliza yule mama wa mbele mwenye futi shingoni ni nani, ninaweka kichupa chini kwanza. "Yule ni wifi yangu," ninawaambia, na ninasema kwa sauti ya kufika barabarani. Halafu ninaita keni yake, na ninampima.